Taifa Haliulizwi Nusu

Tangu Rais Félix Tshisekedi aliposimama mjini Kisangani mwezi wa Oktoba 2024 na kutangaza kuwa ataunda tume ya kuitazama upya katiba ya nchi yetu ya Kongo, imekuwa desturi kuwasikia watu wenye akili timamu, na miongoni mwao wamo wanasheria na walimu nisioweza kuwatuhumu kwa tamaa ya cheo, wakinena kwamba mkwamo uliotushika hauna dawa isipokuwa kuwarudia raia wenyewe na kuwauliza tena yale waliyoulizwa katika kura ya maoni ya mwaka 2005. Mwenye enzi, wasema, ni raia. Alisema Ndiyo miaka ishirini iliyopita, na leo huenda akasema Hapana. Basi ni nani atakayethubutu kumziba kinywa? Hoja hii ina sura njema, na kwa sura yake hiyo imepata wafuasi hata hapa Goma, mji ambao ungepaswa kuwa wa mwisho kuikubali.

Sitaki kushindana nao mahali ambapo hatuhitilafiani. Hakuna kizazi chenye haki ya kuvifunga vizazi vijavyo hata kiama, wala kura ya maoni si neno lililoshushwa kutoka mbinguni. Majirani zetu wameulizana mara mbili na nchi zao hazikuzama. Wakenya waliikataa rasimu ya katiba tarehe 21 Novemba 2005, kwa asilimia 58 hivi ya kura, kisha wakaikubali katiba nyingine tarehe 4 Agosti 2010 kwa takriban asilimia 67. Waganda waliulizwa mwezi wa Juni 2000 kama wautaka mfumo usio na vyama, wakajibu kwa wingi mkubwa kwamba wautaka. Wakaulizwa tena mwezi wa Julai 2005, nao wakajibu, kwa wingi mkubwa zaidi, kwamba sasa wavitaka vyama. Mifano hii ndiyo wanayoishika mkononi watetezi wa kura mpya kila wanapohojiwa, na kwa kuwa wameileta wenyewe barazani, ni haki yetu kuifungua na kuitazama ndani.

Ile ya Kenya haiwasaidii hata kidogo. Baina ya kura ya kwanza na ya pili ilipita damu ya mwaka 2007 na 2008. Ukapita mkataba wa Februari 2008, uliosimamiwa na Kofi Annan, uliowaketisha mahasimu katika serikali moja. Ikapita kamati ya wataalamu iliyoandika andiko jipya badala ya kulirudisha lile lililokataliwa. Na likafunguliwa daftari jipya la wapiga kura, kwa sababu la zamani halikuaminiwa tena na mtu. Amani ilitangulia na swali likafuata. Ama ile ya Uganda, inawadhuru kabisa. Katika majira yaleyale ya mwaka 2005 ambapo raia waliitwa kuchagua juu ya vyama, jambo ambalo wakubwa wote wa serikali walikuwa wamekwisha kulikubali, Bunge lilikuwa likikifuta kifungu kilichoweka ukomo wa mihula miwili ya rais, na kifungu hicho hakikupelekwa kwa raia. Ilhali watu wa kaskazini, wa Gulu na Kitgum, walikuwa wangali wamesongamana katika kambi za wakimbizi wa ndani kwa ajili ya vita vya Joseph Kony. Mkulima aliulizwa swali lisilo na mshindani, na lile lenye mshindani likaamuliwa bila yeye. Mimi naogopa kura ya namna hii, na sioni haya kusema kwamba naiogopa.

Lakini tuyaache ya majirani, maana yetu yanatosha. Msomaji aliye kijana huenda hajui, na aliye mtu mzima huenda amesahau, jinsi kura ya maoni ya tarehe 18 na 19 Desemba 2005 ilivyopatikana. Kuanzia Agosti 1998 Goma ulikuwa makao makuu ya waasi wa RCD. Nchi ilikuwa imekatwa vipande, kila kipande kina jeshi lake na watoza ushuru wake, na mtu wa hapa aliyetaka kufika Kinshasa ilimlazimu, kama inavyomlazimu leo, kuzunguka kupitia nchi za watu. Haikumpitikia yeyote katika miaka ile kuitisha kura ya maoni. Kwanza palifanyika mazungumzo ya Sun City na Pretoria, ukatiwa saini mkataba wa Desemba 2002. Mwaka 2003 ikaundwa serikali ya rais mmoja na makamu wanne, ambayo tulilalamika juu yake sana na kwa haki. Seneti ya mpito ikaandaa rasimu, Bunge likaipitisha mwezi wa Mei 2005. Na tume ya uchaguzi, chini ya Padre Apollinaire Malumalu, mtu wa kwetu wa jimbo la Butembo-Beni, ikawaandikisha watu karibu milioni 25 katika nchi ambayo haikuwa imehesabu raia wake tangu mwaka 1984. Ndipo, baada ya hayo yote, tukaulizwa. Zaidi ya asilimia 84 ya waliopiga kura wakasema Ndiyo, na sauti ya mashariki, sisi tuliokuwa tumechoshwa na vita kupita wengine, ndiyo iliyokuwa nzito zaidi katika Ndiyo hiyo.

Ningependa mtetezi wa kura mpya akae kidogo na mpangilio huo. Kura ya mwaka 2005 haikuiunganisha nchi iliyogawanyika. Ilitia muhuri muungano ambao watu walikuwa wamekwisha kuujenga kwa taabu. Siku ile mama wa soko la Kituku hapa Goma auzaye sambaza na karani wa Matadi walishika karatasi moja yenye swali moja, na kwa wengi wa Goma kadi ile ya mpiga kura ilikuwa hati ya kwanza kuwataja kwa jina na sura kama raia wa Kongo. Hata leo, nchi ikiwa imekosa kitambulisho cha taifa kwa miongo, kadi ya mpiga kura ndiyo ioneshwayo mpakani kwenye Petite Barrière, ndiyo ioneshwayo kwa wakala wa simu, ndiyo ioneshwayo kwa askari wa usiku. Watu huifunga katika nailoni, wakaifunga tena katika pindo la kitenge, na waliotoka Masisi na Rutshuru kwa miguu, wakiacha ng'ombe na maharage shambani, wengi wao waliiokoa kadi wakashindwa kuokoa godoro. Kadi zilizotolewa mwaka 2023 zilikuja na aibu yake, kwani wino ulififia kabla siku ya kupiga kura haijafika, watu wakapanga foleni upya kuomba nakala. Hata hivyo walipanga. Raia anayefanya hivyo hastahili kuambiwa kwamba safari hii wenzake watajibu kwa ajili yake.

Kwa maana hilo ndilo tunaloambiwa, hata kama halitamkwi. Tangu mwishoni mwa Januari 2025 Goma umo mikononi mwa waasi wa AFC/M23, na tangu Februari ya mwaka huohuo Bukavu pia. Uwanja wetu wa ndege ulifungwa, mabenki yakafungwa, na kambi za Bulengo na nyinginezo, zilizokuwa zimejaa watu wa Masisi na Rutshuru, zikaamrishwa kuvunjwa kwa siku chache. Tume ya uchaguzi ya Kinshasa haiwezi kuleta sanduku hapa. Hakuna hakimu wa kupokea shauri, hakuna mwangalizi, hakuna kampeni ambayo msemaji wake angelala kwake usiku huo. Kwa hiyo kura ya maoni itakayoitishwa kabla ya amani itakuwa, kwa lazima ya mambo yalivyo, kura isiyo na Goma, isiyo na Bukavu, isiyo na Rutshuru wala Masisi. Yaani kura isiyo na walewale waliosema Ndiyo kwa sauti kubwa zaidi mara ya kwanza. Ni kugawa upya mirathi ilhali mrithi mmoja amefungiwa nje, kisha kumwambia, atakapofunguliwa, kwamba jamaa wamekubaliana.

Hujibiwa kwamba kura zetu si nyingi kiasi cha kugeuza matokeo, na kwamba nchi nzima haiwezi kungojea majimbo mawili. Jibu hili tumekwisha kulisikia, na tumekwisha kuona gharama yake. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne tu kabla ya uchaguzi wa rais, tume ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hazitapiga kura mpaka mwezi wa Machi, na kwa Beni na Butembo sababu iliyotajwa ilikuwa Ebola na mashambulizi ya waasi. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, kabla kura hizo hazijapigwa. Kwa hesabu ya tume yenyewe, Bwana Tshisekedi alipata kura 7,051,013 na Bwana Martin Fayulu 6,366,732. Tofauti yao haifiki laki saba, na waliozuiliwa walizidi milioni moja. Simo katika kuwaambia watu nani alishinda uchaguzi ule. Nasema tu kwamba yeyote asemaye kura zilizokosekana hazikuwa na uzito hajaitazama hesabu. Siku ya uchaguzi watu wa Beni walijipanga mistari kwa hiari yao, wakanawa mikono mmoja baada ya mwingine ili ulimwengu uone kwamba maradhi si kizuizi, wakaandika chaguo lao katika vikaratasi ambavyo walijua hakuna atakayevihesabu. Desemba 2023 ilipofika, zamu ikawa ya Masisi na Rutshuru. Kila mara huitwa dharura, na kila mara ni Kivu Kaskazini. Kura ya rais, walakini, hurudi baada ya miaka mitano, na aliyekosa hii huingojea ile; katiba haina zamu ya pili ya namna hiyo. Anayeachwa nje siku ya kuandika sheria kuu hubaki chini ya sheria asiyoulizwa, yeye na wanawe.

Nawaomba wenzangu waitazame bahari yetu ya Hindi, visiwa vya Komoro, ambako jambo la namna hii lilitendeka mbele ya macho ya watu. Tarehe 22 Desemba 1974 visiwa vinne viliulizwa kwa pamoja kama vyataka uhuru, na zaidi ya kura tisa katika kila kumi zikasema ndiyo. Lakini katika kisiwa cha Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, wengi walisema la. Ufaransa, iliyokuwa imeuliza swali moja kwa watu wote, ilirudi nyuma ikaanza kuhesabu kisiwa kwa kisiwa. Kiongozi wa visiwa, Ahmed Abdallah, akatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975. Na tarehe 8 Februari 1976 swali likarudiwa, safari hii Maore peke yake, na jibu likawa lile ambalo kila mtu alilijua kabla masanduku hayajafunguliwa. Mwezi wa Aprili likarudiwa tena, juu ya hali ya kisiwa chini ya Ufaransa. Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulilaani kura hizo mwaka huohuo, na shauri halijaisha hata leo: ndugu wa kisiwa cha Nzwani huvuka usiku kwa mashua kwenda kwa ndugu zao wa Maore, na bahari imewameza wengi. Wako watakaosema kwamba mfano huu ni kinyume cha wetu, kwa kuwa kule kiliulizwa kipande bila taifa, na hapa taifa laulizwa bila kipande. Lakini dhulma ni moja. Aliyeamua ni watu gani wahesabiwe ndiye aliyeamua jibu, na sanduku lilikuja baadaye kulipamba.

Na kwa kuwa nimegusa kipande bila taifa, sitalipita kimya neno linalonong'onwa upande wa huku, la kwamba Kinshasa ikituacha nje ya kura yake, basi nasi tuulizwe peke yetu hatima yetu. Nalikataa kwa nguvu ileile. Katiba ya mwaka 2006 imesema bayana, katika ibara ya 214, kwamba hapana sehemu ya nchi inayoweza kutolewa, kubadilishwa wala kuongezwa bila ridhaa ya Wakongo wote kwa kura ya maoni. Na hata isingelisema, kura inayopigwa chini ya bunduki, ziwe za waasi au za serikali, haina ridhaa ndani yake. Anayetaka mashariki yaulizwe pekee na anayetaka magharibi yaulizwe pekee wanafanya kazi moja, ijapokuwa wanatukanana.

Zimebaki hoja mbili ambazo husemwa kwa sauti kubwa. Ya kwanza, ambayo Rais mwenyewe ameitamka, ni kwamba katiba hii iliandikwa ugenini na wageni. Wageni walikuwapo kama washauri, hilo halina ubishi, na fedha nyingi za kura ya mwaka 2005 zilitoka nje. Lakini Seneti iliyoandaa rasimu ilikuwa ya Wakongo, Bunge lililoipitisha lilikuwa la Wakongo, na waliosimama foleni siku mbili za Desemba hawakuwa wageni. Naelewa uchungu wa UDPS, chama cha Rais, ambacho marehemu baba yake, Étienne Tshisekedi, alikiongoza katika kuisusia kura ile. Aliyesusia ana haki ya kusema hakuridhika. Hana haki ya kusema kwamba walioridhika hawakuwapo.

Ya pili ni kwamba katiba imechoka na inaifunga mikono serikali. Hapa ndipo ninaposhindwa kuwaelewa kabisa, maana kitu kisichotumika kinachokaje? Ibara ya 175 iliyapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao, yakatwe palepale. Ushuru wa malori yanayopita mpakani kwenye Grande Barrière umekwenda Kinshasa miaka yote hiyo, na tumengojea urudi. Ibara ya 181 iliunda mfuko wa kusawazisha maendeleo baina ya majimbo tajiri na maskini. Anayejua barabara ya Sake kwenda Masisi wakati wa mvua na ajiulize mfuko huo ulipita wapi. Majimbo 26 yaliyoahidiwa mwaka 2006 hayakuwapo mpaka mwaka 2015. Husemwa pia kwamba katiba ndiyo inayochelewesha kuundwa kwa serikali, na ni kweli kwamba baada ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 tulikaa mpaka Aprili Mosi kumpata Waziri Mkuu, Bi Judith Suminwa, na mpaka tarehe 29 Mei kuwapata mawaziri wake. Lakini waliochelewa ni watu wa muungano mmoja, wenye wingi mkubwa mno Bungeni, waliokuwa wakigawana vyeo wao kwa wao. Katiba gani mpya itawafundisha kugawana upesi?

Iko, zaidi ya hayo, ibara ya 219, ambayo ningependa kila mwenye kusoma aisome. Inakataza marekebisho yoyote ya katiba wakati wa vita, wakati wa hali ya hatari, au wakati nchi imo katika hali ya kuzingirwa. Kivu Kaskazini na Ituri zimewekwa chini ya utawala wa kijeshi, kwa jina hilohilo la hali ya kuzingirwa, tangu tarehe 6 Mei 2021, ukiongezwa kila baada ya siku kumi na tano. Na kuhusu vita sihitaji kutoa ushahidi. Mafakihi wa upande wa pili wamegundua njia: ibara hiyo, wanasema, yakataza kurekebisha, haikatazi kubadilisha katiba nzima, na vivyo hivyo ibara ya 220, inayolinda idadi na urefu wa mihula ya rais, yailinda mihula katika katiba hii tu, si katika ijayo. Nimeitafakari kauli hii kwa muda mrefu, nikitafuta insafu ndani yake, na sikuiona. Kama sheria imekukataza kuondoa tofali moja ukutani wakati wa dhoruba, haiwezekani iwe imekuruhusu kuubomoa ukuta wote. Walioandika ibara ile waliijua nchi yao. Walijua kwamba saa ya vita ndiyo saa ambapo raia huogopa, habari huwa chache, na mwenye mamlaka hupata kisingizio cha kila jambo. Waliiweka kwa ajili ya siku kama hizi.

Basi lini? Ndilo swali la mwisho ninaloulizwa, na ni swali la haki, kwa kuwa sisemi kamwe kwamba swali lisirudiwe. Lirudiwe siku ambayo mazungumzo yaliyoanzwa Doha na Washington mwaka 2025 yatakuwa yamezaa kitu ambacho mtu wa Kiwanja anaweza kukiona kwa macho yake, si saini tu. Siku ambayo karani wa tume ataweza kufungua daftari Bunagana na Kitshanga na kulala huko salama. Siku ambayo utawala wa kijeshi utakuwa umekwisha, gavana anachaguliwa, na mtu wa Walikale anaweza kusimama hadharani kupinga andiko jipya kisha akarudi kwa mkewe na watoto wake. Andiko lenyewe lisomwe kwa Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba kwa miezi, si kwa majuma, na likosolewe na maaskofu, wachungaji, wanasheria na wauza mkaa. Hayo yakitimia, mimi nitakuwa wa kwanza katika foleni, hata kama nitasema Hapana.

Liko sharti moja lisilohitaji kungojea amani, kwa kuwa halihitaji sanduku wala daftari, na linaweza kutimizwa kesho asubuhi mjini Kinshasa kwa kalamu ya mtu mmoja. Rais na atamke kwa maandishi, kabla tume yoyote haijaketi, kwamba muhula wake wa pili, ulioanza tarehe 20 Januari 2024, ndio wa mwisho, katika katiba iliyopo na katika yoyote itakayoifuata.